Uzi: Gemu ngumu ndizo zinazobaki kichwani, au ni stori yake? Wana kusini tukutane hapa

#1 Msangamkuu

Wakuu, habari za jioni.

Naleta hoja, mniambie mnaionaje. Gemu inayokaa kichwani miaka na miaka ni ile ambayo pale inapokukaba ndipo stori yake inapojitokeza. Kama stori unaipata kwenye vipande vya video tu, na ugumu uko kivyake kwenye kupiga maadui, utaimaliza na baada ya mwezi hata jina la stelingi hulikumbuki.

Chukueni God of War ya 2005, ile ya mashine ya PS2. Stelingi, Kratos, alidanganywa na Ares, mungu wa vita, akawaua mke na binti yake kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye pambano la mwisho Ares anamtupa mahali ambapo nakala za Kratos, wengi, wanaikimbilia familia ile ile kuiua tena. Familia ina mstari wake wa uhai. Ukipungua, unawakumbatia: uhai unatoka kwako unaingia kwao. Gemu nzima umebonyeza vitufe vya kukata na kuchana watu, sasa unabonyeza kumkumbatia mtu, na kila ukimkumbatia unakisogelea kifo chako. Pale mimi mikono ilikuwa inatoka jasho, na hakuna aliyenisomea stori yoyote.

Nyingine ni Metal Gear Solid 3 ya 2004. Kuna mto. Bosi wa pale, yaani adui mkubwa wa sehemu ile, The Sorrow, ni mzimu, hupigani naye. Unapandisha mto kwa miguu na mbele yako wanakuja wote uliowaua tangu mwanzo wa gemu. Aliyecheza kwa kunyemelea, akiwalaza askari kwa bunduki ya dawa ya usingizi, anapita mto karibu mtupu. Aliyecheza kama mimi, kila askari risasi, anatembea mpaka anachoka kushika pedi. Hideo Kojima, aliyeitengeneza, hakunihubiria habari za kuua. Alinirudishia hesabu yangu.

Nyie mnakumbuka gemu ipi, na kilichowashika ni ugumu, stori, au pale viwili hivyo vilipokutana?

#2 Kuchele_Damu

Naweka kambi hapa.

#3 Fundi_Pedi

Nakazia. Shadow of the Colossus, 2005, ya Fumito Ueda. Hakuna vijiadui vya njiani, hakuna kijiji, hakuna duka. Ni wewe, farasi wako Agro, upanga, upinde, na majitu 12 unayotakiwa kuyaua ili binti mmoja afufuke.

Kwenye kuua ndipo pana mambo. Unashikilia manyoya ya jitu kwa R1. Ukiachia kidole umeanguka. Ukishikilia, nguvu zinaisha, na jitu linajitikisa likutupe. Kidole chako halisi kinauma sawasawa na mkono wa Wander, kijana unayemchezesha. Halafu ukilimaliza, muziki unageuka wa msiba. Unategemea kushangilia, unajikuta kimya. Na Wander mwenyewe kila jitu likianguka anazidi kuharibika, ngozi inapauka, mistari myeusi inapanda usoni.

Mimi natengeneza hizi mashine hapa Chikongola, nimeona vijana wanamaliza jitu na kuweka pedi chini bila neno. Kwenye gemu za kupigana sijawahi kuona hivyo.

#4 Lindi_Mitwero

Fundi, majitu ni 16. Hayo 12 labda CD yako iligoma hapo. Mengine yote uliyosema nayaunga mkono.

#5 Jero_NusuSaa

Nyote mnaongea kama vile tulikuwa tunaelewa yale maneno. Mimi nimekulia kwenye mabanda ya gemu ya Magomeni hapa Mtwara, na Kiingereza cha kwenye zile video hatukukijua. Video ikianza, banda zima linapiga kelele "ruka! ruka!" kwa sababu muda unakwenda na jero imeshalipwa.

Stori tulitunga wenyewe. GTA San Andreas, ile misheni ya treni: stelingi, CJ, anaendesha pikipiki, Big Smoke yuko nyuma anatakiwa kuwapiga jamaa waliosimama juu ya behewa. Mnajua wote ilivyotutesa. Banda letu lilikuwa na maelezo yake kamili, kwamba wale wa juu ya treni ndio waliomuua mama yake CJ. Hatukuambiwa na mtu. Kwa hiyo ukishindwa ilikuwa inauma kweli, unaiona treni inatokomea na waliomuua mama wanaondoka nayo.

Kwangu mimi ugumu ndio uliotuzalia stori. Ukirudia sehemu moja wiki nzima, lazima utafute sababu ya kuteseka.

#6 BintiMikindani

Kaka Jero, wale wa kwenye treni ni genge la Vagos. Mama yake CJ aliuawa na genge jingine, Ballas, na aliyekuwa analengwa alikuwa Sweet, kaka yake CJ. Na mtu aliyekuwa anashirikiana na hao Ballas kwa siri ni Big Smoke. Kwa hiyo mliyekuwa mnamsaka mlikuwa mmempakia nyuma ya pikipiki.

Ila hoja yako ya lugha ina uzito kuliko unavyodhani. Hidetaka Miyazaki, aliyetengeneza Demon's Souls (2009) na Dark Souls (2011), amewahi kueleza kwamba utotoni alikuwa anasoma vitabu vya Kiingereza vilivyomzidi. Anaelewa nusu, nusu nyingine anaijazia kwa mawazo yake. Gemu zake zimejengwa hivyo hivyo. Hakuna anayekukalisha chini kukusimulia. Unaokota pete, unasoma mistari miwili ya maelezo yake, unakutana na maiti mahali fulani, unaunganisha mwenyewe.

Mfano ni Sif, yule mbwamwitu mkubwa anayelinda kaburi la bwana wake Artorias kwenye Dark Souls. Ni bosi, anakupiga kweli kweli kwa upanga alioushika mdomoni. Uhai wake ukikaribia kuisha anaanza kuchechemea. Anajaribu kuzungusha upanga, anaanguka, anainuka tena. Ushindi upo mkononi na hutaki kuuchukua. Hakuna neno hata moja linalotamkwa pale. Aliyekulia Magomeni na aliyekulia London wanaona kitu kimoja.

#7 Jero_NusuSaa

Big Smoke?! Miaka yote hii dada! Leo silali.

#8 Mwalimu_Nachingwea

Salaam wadau. San Andreas mnayoisifia ndiyo inayoipinga hoja ya bandiko #1. Kwenye video CJ anamlilia mama yake, anaongea habari za familia na mtaa. Video ikiisha unachukua gari, unawagonga wapita njia kumi na unaendelea na shughuli. Stori inasema huyu ana moyo, mchezo unasema hana. Clint Hocking, mtengenezaji wa gemu, aliandika kuhusu mgongano wa namna hii mwaka 2007 akiichambua BioShock, na mpaka leo watu wanabishana juu yake.

Na bado San Andreas tunaikumbuka! Kwa hiyo "stori na ugumu kukutana" hakuwezi kuwa sababu pekee. Mimi nadhani tunaikumbuka kwa sababu ya uhuru. Ulikuwa hujawahi kutoka Nachingwea, unapanda baiskeli kwenye mji ambao hauishi.

#9 Castolo_wa_Ligula

Mmeandika majina ya Kijapani weee, mmeiacha gemu iliyotawala kusini nzima. Gemu ya mpira, PES, na kabla yake Winning Eleven. Kwenye Master League, ile ligi ya kujenga timu yako, unaanza na kikosi cha akina Castolo, Minanda, Ximelez, golini Ivarov. Wachezaji wa kutungwa, uwezo mdogo, pesa hakuna, na unapelekwa kucheza na timu zenye mastaa watupu. Mechi za mwanzo unapigwa mpaka huruma.

Konami, walioitengeneza, hawakuandika sentensi hata moja ya maisha ya Castolo. Lakini mimi naweza kukusimulia maisha yake kuanzia anatoka benchi mpaka anafunga dakika za majeruhi na kutupandisha daraja. Tukienda Nangwanda Sijaona kutazama mpira, nikiona mshambuliaji mzito anapambana na mabeki, namwita Castolo. Stori ipo, na mwandishi wake ni kipigo.

#10 Lindi_Mitwero

Castolo huyo huyo uliyemuuza ulipopata pesa za kununua mshambuliaji wa maana? Msituletee majonzi hapa.

#11 Castolo_wa_Ligula

Sikumuuza. Alizeeka na jezi yetu. Muulize mtu yeyote wa Ligula.

#12 Mzee_wa_Baraza

Vijana, naona salamu kwa wakubwa humu haipo, lakini nitachangia.

Gemu zenu nazitazama kwa wajukuu. Mimi ni mtu wa bao. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Halina mfalme, halina binti wa kufufua, halina muziki. Ugumu wake mnaujua waliowahi kukaa. Ukiwa bado kwenye namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete, unatakiwa uwe umeshaiona mtaji, hatua inayofuata, itakavyokuwa, na ukiipoteza nyumba yako, lile shimo kuu, mapema, jioni yako imekwisha. Na hapa Lindi kwenye baraza zetu watu wanasimulia michezo iliyochezwa zamani sana, nani alimfunga nani, nani aliinuka akaenda zake bila kuaga.

Stori haikuwemo kwenye ubao. Ililetwa na waliokaa pembeni kutazama. Naona hata mabanda yenu ni hivyo hivyo. Anayecheza ni mmoja, wanaokumbuka ni wote.

#13 Msangamkuu

Shikamoo mzee. Hili la watazamaji limenikaa.

Lakini naomba nilitenganishe. Ukisimulia bao unamsimulia mchezaji, fulani alivyomfunga fulani. Nikisimulia mto wa The Sorrow nasimulia kilichonitokea mimi ndani ya dunia ya wale watu. Kumbukumbu mbili tofauti. Ya kwanza inahitaji baraza. Ya pili niliipata nikiwa peke yangu usiku, sauti nimeibana wazazi wasisikie.

#14 Mzee_wa_Baraza

Marahaba. Na bado umekuja kutusimulia sisi.

#15 Nesi_Masasi

Habari zenu. Mimi nacheza kwa kiwango chepesi siku zote na sioni aibu. Nikitoka zamu ya usiku sina nguvu za kugombana na bosi saa tatu nzima. Na gemu iliyonishika kuliko zote sehemu yake kuu haikuwa ngumu hata kidogo.

Red Dead Redemption 2 (2018), mambo ya mwaka 1899. Arthur Morgan anatumwa kudai deni kwa mtu mmoja mgonjwa, Thomas Downes. Unambonyezea vitufe kumpiga. Mtu hana nguvu, hapigani, mke na mtoto wanalia. Katika kumpiga anamkoholea Arthur usoni. Basi. Unaendelea na gemu masaa na masaa umeshasahau. Baadaye Arthur anaanza kukohoa, anaanguka barabarani, daktari anamwambia ni kifua kikuu.

Nafanya kazi na wagonjwa wa kifua kikuu. Leo mtu anameza dawa miezi sita na anapona akizifuata. Mwaka 1899 dawa haikuwepo, streptomycin imekuja kugunduliwa 1943. Kwa hiyo daktari alipotamka, mimi nilijua kabla Arthur hajajua. Nilizima mashine. Nilirudi nyuma kichwani mpaka kwenye kile kitufe. Nilikibonyeza mimi, na kilikuwa chepesi kabisa. Kingekuwa kigumu ningekumbuka ushindi.

#16 BintiMikindani

Dada Nesi, hiyo sentensi ya mwisho naomba niitafakari.

#17 Msangamkuu

Nesi, nakubali kile kitufe. Lakini angalia kinachofuata. Baada ya ugonjwa Arthur anakonda hata ukimlisha, na uhai wake unaisha haraka kuliko mwanzo. Yule jamaa uliyemzoea mwenye nguvu sasa anakuangusha. Ugumu umeingia pale pale stori ilipomdhoofisha. Sekiro (2019) inafanya kitu cha jamii hiyo: ukifa mara nyingi, watu uliowahi kukutana nao wanaanza kuugua na kukohoa. Kufa kwako kunawafikia wengine.

#18 Nesi_Masasi

Mkuu, mimi kwenye kiwango chepesi sikuuhisi huo ugumu. Nilihisi mtu anakufa.

#19 Pedi_ya_Kushoto

Nashukuru Nesi amelifungua hili. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia havikunji tangu ajali. Neno "gumu" mnalitumia kana kwamba ni kitu kimoja kwa wote. Sehemu ambayo Castolo hapo juu anaipita kwa dakika mbili, mimi ni kazi ya jioni nzima.

Celeste (2018): binti anaitwa Madeline anapanda mlima huku anapambana na hofu yake mwenyewe, ambayo inamtokea kama mtu kamili na kumkimbiza. Ni gemu ya kuruka, na ni kali sana. Inahesabu vifo vyako na inakwambia ujivunie hiyo hesabu. Lakini waliotengeneza wakaweka sehemu ya usaidizi. Unapunguza kasi ya gemu nzima, unajiongezea pumzi ya kukwea, ukitaka hufi kabisa. Niliipunguza kasi. Mlima niliupanda mimi, kwa vidole vyangu hivi, na nilipofika juu nililia.

The Last of Us Part II (2020) ina vipengele zaidi ya 60 vya namna hii, mpaka asiyeona anaweza kuimaliza. Wanaosema usaidizi unaua stori wanieleze ni stori gani hiyo iliyokufa kwangu.

#20 Castolo_wa_Ligula

Hongera sana mkuu. Na karibu Ligula, mimi dakika mbili siwezi, nitakufa na wewe jioni nzima.

#21 Fundi_Pedi

Nyongeza ya kiufundi kwa #19, maana watu wanadhani usaidizi umeanza juzi. Resident Evil 4 ya 2005 ilikuwa inajirekebisha yenyewe kimyakimya. Ukifa sana, maadui wanapungua ukali na sehemu nyingine wanapungua hata idadi. Ukicheza vizuri, inakaza. Hakuna ujumbe unaotokea kwenye tivii. Wote mliotamba bandani kwamba mmemaliza kile kijiji, kila mmoja alicheza gemu iliyokatwa kwa kipimo chake.

Na ndiyo maana stori yake ya hofu ilifanya kazi. Ukiuawa mara kumi sehemu moja huogopi tena, unakereka. Ukipita kirahisi huogopi vilevile. Ile gemu ilikuwa inakuweka pale katikati risasi zinapobaki mbili.

Hades (2020) wao wameweka wazi. Ukiwasha ile hali ya usaidizi, madhara unayopata yanapungua kwa asilimia 20, na kila ukifa yanapungua asilimia 2 zaidi.

#22 Jero_NusuSaa

Fundi unataka kusema yule kaka aliyekuwa anatufukuza kwenye kiti eti hatujui Resident Evil, alikuwa anasaidiwa na mashine? Namtafuta leo leo.

#23 Kuchele_Damu

Nimesoma mpaka hapa, nasema langu. Ni utoto tu wakuu. Gemu zilizotajwa nyingi ni za 2004 na 2005, na wengi humu wakati huo tulikuwa na miaka kumi, kumi na mbili. Umri ule chochote kinakaa. Hata tangazo la sabuni nalikumbuka. Leo nina mashine mpya, grafiki unaona mpaka vinyweleo, na sikumbuki gemu hata moja niliyocheza mwaka jana.

#24 BintiMikindani

Kuchele, Hades niliicheza nikiwa mtu mzima mwenye kazi na kodi ya nyumba, na naikumbuka yote. Zagreus anataka kutoroka kwa baba yake kuzimu. Anakufa, anarudi nyumbani akitokea kwenye dimbwi la damu, na watu wa pale nyumbani wana neno jipya kila akirudi. Baba anamkejeli, mbwa yupo, mtu fulani anakuuliza nani kakuua leo. Kufa kunafungua mazungumzo. Nilifika mahali nikawa sichukii kufa kwa sababu nilitaka kusikia wataniambia nini.

Undertale (2015), ya Toby Fox, imekwenda mbali zaidi. Ukichagua kuua kila mtu, mwishoni unakutana na Sans, na ukifa mbele yake ukarudi, anajua. Anakutazama uso anakwambia unaonekana kama mtu aliyekwishakufa mara kadhaa. Kurudia kwako, kitu ambacho kwenye gemu nyingine hakihesabiwi, kule ni sehemu ya kesi yako.

#25 Msimu_wa_Korosho

Mmesahau memori kadi. Zile za PS2 zilikuwa MB 8, na banda moja lina moja, wateja ni mtaa mzima. Unasevu leo, kesho umekuta mtu amefuta kaweka ligi yake. Au umeme unakatika na wewe uko mlango wa bosi. Kwa hiyo mwanzo wa gemu tuliucheza mpaka tukaujua kwa moyo, mwisho hatukuuona. Mimi Shadow of the Colossus najua jitu la kwanza mpaka la nne tu. Hayo 16 nayasikia leo.

Kuna gemu nazikumbuka kwa sababu hazikuisha. Nikipata pesa ya korosho msimu huu nanunua mashine, nazimaliza moja moja.

#26 Fundi_Pedi

Mjomba njoo Chikongola, nina PS2 mbili nzima na kadi ambayo haijashikwa na mtu. Hiyo kadi itakuwa ya kwako peke yako.

#27 Mwalimu_Nachingwea

Hizi hoja zote za nje: banda, kadi, lugha, umri. Nakubali zina nguvu. Lakini kuna gemu za Kiafrika pia, na hatujazigusa. Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016. Enzo anapinduliwa siku ya kutawazwa na ndoa yake, na nguvu zake za kupigana zinatokana na urithi wa waliomtangulia. Ninachouliza ni hiki: ya kwetu huku kusini ingekuwaje? Ugumu gani wa huku ungekuwa stori?

#28 Lindi_Mitwero

Hapo mwalimu umenigusa. Jibu langu ninalo siku nyingi: Tendaguru.

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria hapa mkoani kwetu. Tani zaidi ya 200. Barabara hakuna. Wapagazi waliibeba mpaka bandari ya Lindi, kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa mguu, safari kwa safari. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na kuna mifupa aliyoitoa ardhini kwa mkono wake. Leo mmoja wa wanyama wale amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Na kumbukeni Majimaji ilikuwa imemalizika 1907 tu. Waliobeba walikuwa watu waliotoka kwenye vita na njaa.

Sasa mnaijua Death Stranding (2019) ya Kojima, yule wa ule mto. Gemu nzima ni kubeba mizigo. Unapanga mgongoni, ukipanda mteremko unayumba, unabana L2 na R2 kusawazisha, ukianguka mzigo unaharibika. Watu waliicheka kabla haijatoka. Chukua ubebaji ule, uweke kwenye njia ya Tendaguru kwenda Lindi. Hakuna bunduki. Una mfupa ulioviringishwa kwenye udongo na mianzi, jua, maji yanaisha, mwenzako nyuma ana homa. Humjui mnyama unayembeba. Hujui anakwenda wapi.

#29 Msangamkuu

Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu bandiko la kwanza. Mzigo usishushike! Ukishautwika, umeutwika mpaka kituo.

#30 Mwalimu_Nachingwea

Napinga. Ushushike. Na ukiushusha, mtu mwingine aliye nyuma yako aukute njiani abebe yake na ya kwako. Hapo mchezaji atachagua mwenyewe.

#31 Castolo_wa_Ligula

Mimi nataka nyimbo za wapagazi. Wakiimba, mwendo uende sawa, mzigo upungue kuyumba. Mmoja akianguka, wimbo ukatike.

#32 BintiMikindani

Na lugha? Naomba isiwe na tafsiri chini. Wajerumani waongee Kijerumani tusichokielewa, wapagazi waongee yao tunayoielewa. Wa Berlin akiicheza naye ajazie nusu yake.

#33 Pedi_ya_Kushoto

Wekeni na usaidizi wa mkono mmoja tangu siku ya kwanza, msije mkaukumbuka mwishoni.

#34 Lindi_Mitwero

Nimeandika yote, la #30 pia ingawa Msangamkuu atanuna. Kijana wangu anasoma mambo ya kompyuta, amesema kwa kuanzia tutengeneze kilomita moja tu ya njia na mzigo mmoja. Mzee wa Baraza, kama kuna wazee hapo wenye simulizi za waliobeba, naomba nije na kinasa sauti.

#35 Mzee_wa_Baraza

Njoo baada ya Alasiri. Usije na haraka.

#36 Nesi_Masasi

Mkifika kwenye vidonda vya mabega na homa za njiani niulizeni, msibuni. Nipo zamu ya usiku mpaka Ijumaa, nitajibu taratibu.